Kwotabeki Bora wa Nebraska, na Kaimu Wake

Mzee aliyenipangisha chumba mjini Lincoln, katika jimbo la Nebraska, alikuwa na swali moja la kumpima mgeni. Hakuuliza dini yangu wala siasa za nchini kwetu. Jioni ya pili tangu nifike, Agosti 2009, tukiwa bado tunakosea kutamka majina yetu, aliweka kikombe chake cha kahawa mezani akaniuliza: katika historia yote ya timu ya chuo kikuu hiki, nani kwotabeki bora? Nikamjibu kwa unyofu kwamba sijui kwotabeki ni kitu gani. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama dari, na elimu yangu ya pili, ile isiyotajwa kwenye cheti changu cha udaktari, ikaanza usiku huohuo.

Msomaji aliyezoea kunikuta nikijadili bajeti na katiba anivumilie leo. Nina deni ambalo siwezi kulieleza bila kupitia Nebraska.

Futiboli ya Kimarekani si kandanda hii yetu. Mpira wake umechongoka ncha mbili na huchezwa zaidi kwa mikono. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifanikiwa hupewa manne mengine, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila jaribio huanza kwa mpira kukabidhiwa mtu mmoja anayesimama nyuma ya ukuta wa wenzake wenye miili mikubwa. Huyo ndiye kwotabeki. Kwa miongo kadhaa Nebraska ilisifika kwa mtindo uitwao opsheni, ambao uliponielea niliupenda kama mtu anavyopenda hoja iliyojengwa vizuri. Mlinzi mmoja wa upinzani huachwa kwa makusudi bila kuzuiwa. Kwotabeki hukimbia kumwelekea huku akimsoma. Mlinzi akimvamia yeye, mpira hurushwa pembeni kwa mwenzake anayekimbia sambamba naye; mlinzi akimfuata huyo mwenzake, kwotabeki hubaki na mpira na kukata ndani. Yote hayo huamuliwa chini ya sekunde moja, na anayeamua ni mtu aliye karibu kugongwa.

Jimbo lile halina timu ya kulipwa katika ligi kuu ya mchezo huo. Timu ya chuo ndiyo timu ya wote: ya mkulima wa mahindi, ya karani wa benki, ya gavana. Tiketi za Uwanja wa Memorial zimekuwa zikiisha kila mechi ya nyumbani tangu Novemba 1962. Katika miaka yangu pale, timu ilipopata pointi zake za kwanza maelfu ya puto nyekundu yaliachiwa angani, na hata mimi niliyekwenda kusoma utawala wa umma nilijikuta nikiyasindikiza kwa macho mpaka yapotee.

Mzee, kama nilivyozoea kumwita (nilimfundisha neno hilo na maana yake, akalipenda kuliko jina lake), alikuwa mstaafu wa posta, na mteule wake alikuwa Jerry Tagge. Hoja yake ilikuwa ya mahakamani: Tagge alikuwa kwotabeki wa vikosi viwili vilivyotwaa ubingwa wa taifa mfululizo, 1970 na 1971, chini ya kocha Bob Devaney. Januari 1, 1971, katika Orange Bowl dhidi ya LSU, timu ikiwa nyuma, Tagge alijisukuma katikati ya rundo la watu akanyoosha mkono wenye mpira ukavuka mstari. Nebraska ikashinda 17 kwa 12. Novemba 25 mwaka huohuo, siku ya sikukuu ya Shukrani, walikwenda ugenini Oklahoma wakashinda 35 kwa 31, katika mechi ambayo Wamarekani wengi huiita mechi ya karne. Mzee alikuwa kijana shambani kwa baba yake siku ile. Alinihadithia kila kitu, mpaka aina ya mboga iliyokuwa mezani.

Mkewe, muuguzi mstaafu, alikuwa upande wa Turner Gill, kijana kutoka Fort Worth, Texas. Kikosi cha Gill cha mwaka 1983 kilifunga wastani wa pointi 52 kwa mechi, kikafika Orange Bowl ya Januari 2, 1984 bila kushindwa. Miami wakawa mbele. Zikiwa zimesalia sekunde 48 Nebraska wakavuka mstari, ubao ukasoma 31 kwa 30. Wakati ule hapakuwa na muda wa nyongeza. Teke moja rahisi lingeleta sare, na sare hiyo huenda ingetosha kuwapa ubingwa. Kocha Tom Osborne akakataa sare. Akaamua kutafuta pointi mbili za ushindi. Gill akarusha, mkono wa mlinzi wa Miami ukaugusa mpira, ukaanguka. Gill aliongoza timu ikashinda mechi 28 na kupoteza 2, na mojawapo ya hizo mbili ndiyo hiyo. Mama yule alisema jambo ambalo sikulisahau: kwamba huwezi kumhukumu mtu kwa pasi aliyoagizwa kuirusha na kocha aliyekataa sare.

Mimi, kwa ushupavu wa mwongofu mpya, nikaangukia kwa Tommie Frazier, na niko huko hadi leo.

Eric Crouch nilimpitia haraka, na Wanebraska wanisamehe. Ndiye mtoto wa nyumbani, wa Omaha, ndiye aliyetwaa Tuzo ya Heisman mwaka 2001, ile wapewayo wachezaji bora wa vyuo nchi nzima, na alivuka mstari mara 59 kwa kukimbia na mpira. Lakini mwaka huohuo wa tuzo timu yake ilifungwa na Colorado 62 kwa 36, kisha ikafungwa na Miami 37 kwa 14 kwenye mchezo wa ubingwa. Tuzo ni kura, na kura, kama tunavyojua sote, hupigwa kwa taarifa zilizopo siku ile. Frazier hakuipata: 1995 alikuwa wa pili nyuma ya Eddie George wa Ohio State. Wiki chache baadaye, Januari 2, 1996, akacheza dhidi ya Florida mchezo ambao wapiga kura wangeusubiri wangejiepushia lawama. Mwishoni mwa robo ya tatu alichukua mpira akageuka kulia. Akakamatwa. Akakamatwa tena, na tena, kundi zima la walinzi likimning'inia mgongoni na miguuni, naye akatoka katikati yao akiwa bado amesimama, akakimbia peke yake mpaka mwisho: yadi 75. Nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya wanafunzi wangu. Jumla alikimbia yadi 199 siku hiyo, Nebraska ikashinda 62 kwa 24. Ubingwa wa pili mfululizo. Katika mechi 36 alizoanza, alishinda 33.

Hapa niseme jambo lililotaka kutukosanisha mimi na mzee wangu. Baada ya miezi ya mabishano nilianza kusikia vivumishi vyake. Tagge alikuwa "mtulivu", "mwenye akili", "jenerali". Frazier alikuwa "mwenye kipaji", "mwenye nguvu", "mnyama". Tagge ni mzungu, Frazier ni mweusi. Kwa miongo mingi makocha wa Marekani walikuwa wakiwahamisha vijana weusi kutoka nafasi ya kwotabeki na kuwapeleka kwenye nafasi za kukimbia na kudaka, kwa imani kwamba kufikiri na kuongoza si fungu lao. Imani hiyo ilipokufa viwanjani iliendelea kuishi katika vivumishi. Nikamwambia: Mzee, opsheni ulinifundisha wewe. Ulisema ni mchezo wa kusoma. Sasa aliyesoma walinzi kwa miaka minne na kukosea mara tatu tu, unamwitaje mnyama? Akakaa kimya. Mkewe akaondoa sahani. Siku mbili hatukusalimiana vizuri, nami nikaanza kutafuta chumba kingine. Siku ya tatu aligonga mlango, akasema bila utangulizi: "Umenishinda kwenye hilo. Lakini Tagge bado bora." Nikacheka, naye akacheka, na chumba nikakaa mpaka nilipomaliza masomo.

Mei 2013 Frazier alipotangazwa hatimaye kuingia katika Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya vyuo, baada ya miaka ya kurukwa iliyowachoma Wanebraska kama tusi la familia, mzee alinipigia simu maktaba, mahali ambapo alijua simu yangu haitakiwi kulia. Nikaipokea.

Ila jioni ambayo imenifanya niandike haya haikuwa ya Frazier. Ilikuwa majira ya baridi, theluji imetuzuia ndani, na tulikuwa tunarudia hoja zilezile kwa mara ya mia. Nikawa nahesabu ubingwa wa Frazier: 1994 na 1995, viwili, sawa na Tagge. Mama akaweka chini ufumaji wake akauliza, "Na Brook?"

Mzee akavua miwani.

Brook Berringer, namba 18, alitoka Goodland, Kansas. Mwaka 1994 alikuwa wa pili nyuma ya Frazier. Baada ya mechi nne, Frazier aligunduliwa kuwa na damu iliyoganda mguuni, nyuma ya goti la kulia, ugonjwa ambao ungeweza kumuua. Berringer akaingia. Mechi ya kwanza aliyoanza, dhidi ya Wyoming, pafu lake moja lilisinyaa kwa kugongwa. Alipolazimika kupumzika, mechi ya Kansas State ilianzishwa na Matt Turman, kijana aliyejiunga na timu bila hata ufadhili wa masomo, wakashinda 17 kwa 6. Berringer akarudi. Colorado walipokuja Lincoln wakiwa miongoni mwa timu tatu bora nchini, akawafunga 24 kwa 7. Mechi saba alizoanza alishinda zote saba.

Januari 1, 1995, mchezo wa ubingwa dhidi ya Miami, Frazier akawa amepona. Ndiye aliyeanzishwa. Mchezo ulipokwama Berringer akaingia, akarusha pasi ya pointi za kwanza za Nebraska, kisha katika robo ya mwisho akarusha nyingine iliyodakwa na adui. Frazier akarudishwa, timu ikavuka mstari mara mbili, ikashinda 24 kwa 17. Tom Osborne akapata ubingwa wake wa kwanza baada ya misimu 22, na Frazier akatajwa mchezaji bora wa mechi. Msimu uliofuata Frazier alikuwa mzima, na Berringer akarudi benchi mwaka mzima. Hayakusikika malalamiko yake hadharani. Aprili 18, 1996, siku mbili kabla ya timu za kulipwa kuchagua wachezaji, alikuwa akirusha ndege ndogo karibu na Lincoln ikaanguka. Alikufa pamoja na abiria wake. Alikuwa na miaka 22.

"Kwa hiyo ubingwa wa 1994," mama akasema, "ni wa nani?"

Hakuna aliyejibu. Kesho yake nilikwenda uwanjani peke yangu. Upande wa kaskazini kuna sanamu ya shaba ya watu wawili wamesimama pamoja: kocha Osborne, na kando yake si Frazier, si Tagge, si Crouch. Ni Berringer. Nilikuwa nimepita pale kwa miaka bila kusoma jina.

Utumishi wetu wa umma una neno la mtu wa namna hii: kaimu. Kila msomaji wangu aliye ofisini amewahi kuwa kaimu au kumwona mmoja. Kaimu husaini barua kwa niaba. Hukaa katika kiti asichokizungusha sana. Akiharibu, ni yeye. Akifanikiwa, ofisi iliendelea vizuri. Mwenye kiti akirudi, kaimu hukabidhi funguo na kushukuru kwa fursa. Wapo waliokaimu miaka hadi watoto wao wakadhani ndicho cheo chenyewe, kisha asubuhi moja ikaja barua yenye jina la mtu mwingine.

Mimi sikuwa kaimu. Mimi nilikuwa yule anayerudi.

Nilipoondoka kwenda Marekani, kozi yangu ya utawala wa umma, katika chuo ambacho sitakitaja, ilichukuliwa na dada mmoja mwenye mkataba wa muda. Mkataba ulihuishwa mwaka hadi mwaka kwa sababu mimi nilikuwa bado sijarudi. Kwa miaka mitano aliifundisha, akaisuka upya. Niliiacha ikiwa na mihadhara minane ya kuungaunga. Niliikuta na kumi na tano, kila mmoja na mifano yake, maswali yake, na nyaraka za halmashauri alizozifuata mwenyewe kwa basi. Nikarudi na udaktari wangu na koti la baridi lisilo na kazi. Mkataba wake haukuhuishwa tena. Alinikabidhi nyaraka zote katika kiflashi kimoja na faili mbili za kadibodi, akanionyesha lililo muhimu, akaniambia, "Karibu nyumbani, kaka." Nilishukuru kwa maneno. Halafu nikafuta jina lake katika ukurasa wa kwanza wa kila mhadhara, nikaweka langu, kwa sababu, nilijiambia, kozi huwa ya anayeifundisha.

Nilikuwa nimeiona sanamu ya Berringer mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Ningependa kuandika kwamba niliikumbuka. Sikuikumbuka.

Mwaka huu, kuelekea Mei Mosi, idara ilinipendekeza kuwa mfanyakazi bora. Sababu zilizoandikwa zilikuwa tatu, na ya kwanza ilikuwa kozi hiyo: "aliyoijenga kwa ubunifu na kujituma". Mwenyekiti wa kikao alisoma kwa sauti. Wenzangu wakapiga makofi. Nikaangalia meza, na jambo lililonijia, ambalo nisingeweza kumweleza yeyote mle ndani, lilikuwa mama yule akiweka chini ufumaji wake.

Nikaomba nafasi ya kusema. Nilisema kozi ilijengwa na nani. Wawili kati ya waliokuwapo walimkumbuka. Mmoja akadhani alikuwa katibu muhtasi. Mjumbe mmoja akashauri, kwa nia njema nadhani, kwamba jambo hilo lisiingie kwenye kumbukumbu za kikao, kwani lingeleta maswali. Nikaomba liingie. Liliingia kwa sentensi moja. Tuzo ilikwenda kwa mwingine, mtu anayestahili, na sina la kusema juu yake.

Kuhusu Frazier sijabadilika. Kwotabeki bora wa Nebraska ni yeye, na mtu akitaka kubishana anitafute. Ila nikihesabu ubingwa wake siku hizi, huo wa 1994 nautaja na majina matatu: lake, la Berringer, na la Turman aliyeanzisha mechi ya Kansas State bila ufadhili. Mzee, ambaye bado tunapigiana simu msimu unapoanza, anasema nimeharibu hesabu ili Tagge aongoze. Nimemwachia furaha hiyo.

Namba ya dada yule niliipata kwa mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Siku hizi anafundisha sekondari, mkoa wa mbali. Nilizunguka na simu mkononi siku nne. Alipopokea hakunitambua mara moja, kisha akasema, "Ah, Daktari! Habari za siku nyingi." Zamani aliniita kaka. Nikamweleza kila kitu, jina nililolifuta, kikao, sentensi moja. Nikamwambia nimelirudisha jina lake kwenye mihadhara yote kumi na tano. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilisikia watoto wakirudishwa darasani kwa kengele.

"Ule wa wiki ya sita bado unaufundisha?" akauliza. "Wa serikali za mitaa?"

Naufundisha, nikasema.

"Umeubadilisha?"

Sijabadilisha hata neno, dada.

"Ubadilishe. Niliandika kwamba zilifutwa 1972, halmashauri zote zikarudi 1984. Nilikosea, za miji zilirudi 1978. Niliigundua baada ya kuondoka, nikasema utaiona mwenyewe." Akanyamaza kidogo. "Miaka kumi, Daktari?"

Miaka kumi, nikasema, na nikatafuta kalamu.